Injini Iliyosukwa Upya na Moshi Wake: Tupime Kabla ya Kufungua

Hakuna mwenye gari ambaye hajapata kuliona jambo hili, ama kwa gari lake mwenyewe ama kwa la jirani. Injini imechoka. Inafumuliwa, silinda zinachongwa, pistoni na ringi mpya zinanunuliwa kwa fedha nyingi, kisha injini inasukwa upya na kuwashwa kwa vifijo. Wiki mbili hazijapita, stiki ya kupimia oili inaonyesha kwamba lita nzima imekwisha toweka, na nyuma ya gari moshi wa samawati unaburuzika kama mkia. Fundi anaitwa. Anausikiliza mngurumo, anautazama moshi, anapangusa mikono yake kwa kitambaa na kutoa hukumu: "Ringi hazijakaa. Tufungue tena."

Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu hiyo. Siipingi kwa sababu haiwezi kuwa kweli, maana mara nyingine ni kweli tupu. Naipinga kwa kuwa hutolewa kabla ya ushahidi kukusanywa, na kwa kuwa utekelezaji wake huuharibu ushahidi wenyewe. Injini ikishafunguliwa, hatuwezi tena kujua ni silinda ipi iliyokuwa ikila oili, wala wakati gani, wala kwa kiasi gani. Tunabaki na vyuma juu ya meza na maoni ya kila apitaye. Tena, ringi mpya zikitiwa, silinda hazina budi kusuguliwa upya kwa jiwe la msasa, na kila zinaposuguliwa hupanuka kidogo. Pistoni ile ile sasa inacheza ndani ya nafasi kubwa zaidi. Injini iliyokuwa na kosa dogo mahali pengine huanza kuwa mbovu hapo hapo ilipokuwa nzima.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni walimu na wanafunzi, na kwa kuwa hesabu hii huwashangaza hata watu wazima. Tuchukue injini ya petroli yenye silinda 4, kipenyo cha kila moja milimita 86, na mwendo wa pistoni milimita 86 vilevile. Ujazo wake ni karibu lita 2. Gari linakwenda kilometa 80 kwa saa, na krenki inazunguka mara 2,500 kwa dakika. Kilometa 1,000 zitamalizika kwa saa 12 na nusu, yaani dakika 750, na krenki itakuwa imezunguka mara 1,875,000. Katika injini ya mipigo minne kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo silinda zote 4 kwa pamoja zitakuwa zimewaka mara 3,750,000. Sasa tuseme gari hilo limekula lita 1 ya oili katika safari hiyo, kiasi ambacho watengenezaji wengi wa magari hukihesabu kuwa ndio ukomo wa kuvumiliwa. Lita 1 ni milimita za ujazo 1,000,000. Gawanya: kila mwako umeteketeza milimita za ujazo 0.27, tone dogo kuliko kichwa cha pini. Litandaze tone hilo juu ya ukuta wote wa silinda unaopitiwa na ringi, ambao eneo lake ni kiasi cha milimita za mraba 23,000, nawe utapata utando wenye unene wa sehemu 1 ya 85,000 ya milimita. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko utando huo mara elfu kadhaa.

Hesabu hii inatufunza kwamba kuungua kwa oili kidogo ni jambo la lazima katika kila injini, kwani ringi isiyoacha oili yoyote ukutani itakwaruza na kukwama. Inatufunza pia kwamba kosa lisiloonekana kabisa kwa jicho linatosha kuleta hasara kubwa. Jicho la fundi, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini, si chombo cha kuamulia mambo ya ukubwa huo. Nayasema haya pasipo kumdharau mtu. Huko ng'ambo nilikosomea shahada ya udaktari, injini ya majaribio ilifungwa juu ya benchi na oili yake ikapimwa kwa mizani kabla na baada ya kila jaribio. Mafundi wa maabara ile walikuwa na mikono mizuri, lakini si mizuri kuliko ya mafundi wetu wanaosuka injini chini ya mwembe. Walichotuzidi ni mizani na daftari.

Swali la kwanza, basi, ni kama oili inaungua kweli ama inavuja tu. Mwanafunzi anaweza kulipima tone la oili kwa kuhesabu matone yanayojaza mililita 1 katika bomba la sindano. Tuseme amepata 30. Gari linalodondosha tone 1 kila baada ya meta 20 litakuwa limedondosha matone 50,000 katika kilometa 1,000, yaani zaidi ya lita 1 na nusu, pasipo hata tone moja kuingia motoni. Na sili ya krenki iliyotiwa vibaya aghalabu huvuja krenki inapozunguka tu, na upepo wa chini ya gari huipeperusha oili yote. Mahali gari linapolala hutaona doa. Ioshe injini, safiri kilometa 50, kisha ingia chini ya gari na tochi.

Ikiwa haivuji, inaungua, na moshi utashuhudia. Moshi mweusi ni wa petroli isiyoungua yote. Mweupe unaotoweka upesi hewani ni mvuke wa maji. Wa samawati ni wa oili. Mwalimu wa fizikia asiipite nafasi hii hivi hivi. Oili yenyewe haina rangi ya samawati hata kidogo. Vitone vyake vidogo mno ndivyo vinavyotawanya mwanga wa samawati kuliko mwekundu, jambo ambalo John Tyndall alilichunguza maabarani mwake London katika miaka ya 1860. Moshi huo huo ukiwa kati ya macho yako na mwanga wa anga huonekana wa kahawia.

Swali linalofuata hupuuzwa mno, nami naliona kuwa ndilo lenye thamani kuliko yote: je, ni silinda moja au ni zote? Zifungue plagi na uzipange kwa mfuatano wake. Plagi moja ikiwa imelowa oili na tatu zikiwa kavu, zenye rangi ya kahawia nyepesi, kosa liko katika silinda moja: ringi iliyovunjika wakati wa kuingizwa, au iliyogeuzwa, au sili ya vali iliyochanika. Zote nne zikilowa sawasawa, itakuwa ajabu kubwa kwa makosa manne mbalimbali kutokea kwa pamoja. Tutafute sababu moja inayozigusa silinda zote: oili iliyojazwa kupita kiasi, njia ya kupumulia injini iliyoziba au iliyounganishwa pasipo pake, kuta zilizosuguliwa vibaya, au ringi zote zilizotiwa na mkono ule ule kwa kosa lile lile. Hilo la kupumulia hupimwa kwa karatasi. Toa kifuniko cha kujazia oili, injini ikiunguruma polepole, na uweke kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu. Katika injini nzima yenye vali ya kupumulia, karatasi huvutwa na kushikiliwa taratibu. Ikirushwa juu, ama gesi za mwako zinapita kando ya pistoni kwa wingi, ama njia imeziba na kanieneo iliyo ndani inaisukuma oili kila penye upenyo.

Kisha tuulize: moshi hutoka lini? Injini inayotoa moshi mwingi asubuhi inapowashwa, ukakoma baada ya dakika moja, aghalabu husingiziwa ringi pasipo haki. Usiku kucha oili iliyobaki juu ya silinda hedi imeteremka kando ya mashina ya vali, kupitia sili zilizokufa, na kungoja huko chini. Dalili ya pili huonekana mtelemkoni. Dereva anayetoka Iringa kwenda Morogoro huteremka Kitonga akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta, injini ikilizuia gari. Kilango cha hewa kimefungwa, pistoni zinaendelea kuvuta, na kanieneo katika bomba la kuingizia hewa hushuka mpaka chini ya theluthi moja ya ile ya nje. Tofauti hiyo huisukuma oili kupita kando ya mashina ya vali. Afikapo chini na kukanyaga mafuta, wingu la samawati hutoka nyuma. Moshi unaozidi gari linapopanda mlima na mzigo, na usiokoma, unaelekeza kwenye ringi na silinda. Dalili hizi si kamili, maana ringi ya oili iliyo dhaifu nayo huiachia oili ivutwe mtelemkoni; ndiyo sababu lazima zisomwe pamoja na plagi.

Namfahamu mzee mmoja wa Mbeya aliyekuwa akisafirisha viazi kwa pikapu. Injini yake ilisukwa, ikatoa moshi, ikafunguliwa mara tatu katika miezi mitano. Kila mara ringi mpya, kila mara moshi ule ule wa asubuhi. Ili kulipia mara ya tatu aliuza ng'ombe wawili, na msimu wa viazi ukapita gari likiwa juu ya mawe. Sili za vali, vipira vinane ambavyo bei yake haikaribii hata kidogo ile ya ringi, zilikuwa zile zile za zamani, ngumu kama kucha, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba zinahusika. Nazo zingeweza kubadilishwa bila kuondoa silinda hedi. Kamba safi hupenyezwa kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa katika mpigo wa kugandamiza, krenki ikazungushwa kwa mkono hadi pistoni iibane kamba hiyo juu, na vali haziwezi kudondoka springi zake zinapofunguliwa. Mafundi wa zamani wanaijua mbinu hiyo vizuri.

Msomaji atasema kwamba mafundi wa siku hizi hupima. Wana geji ya mgandamizo. Ni kweli, na hapo ndipo penye mtego. Geji hiyo husoma kanieneo inayozuiliwa na vali pamoja na ringi mbili za juu. Ringi ya tatu, ile ya oili, haina kazi ya kuzuia gesi, na geji haiioni kabisa. Injini yaweza kuwa na mgandamizo wa kupendeza na bado ikala lita moja kila kilometa 500. Zaidi ya hayo, oili iliyojaa silindani huziba mianya na kuipandisha geji. Hiyo ndiyo kanuni ya kipimo cha pili, ambapo kijiko kimoja cha oili humiminwa silindani kwa makusudi: geji ikipanda sana, gesi ilikuwa ikipita kwenye ringi, isipopanda, tazama vali. Nimewaona watu wakifurahia geji iliyopanda katika injini inayofuka, wasijue kwamba wanaisoma oili.

Mtego mwingine ni wa mwinuko, nao unawahusu hasa wenzetu wa nyanda za juu. Tuseme kitabu cha gari kinataka kilopaskali 1,200, kipimo cha usawa wa bahari. Mbeya iko kiasi cha meta 1,700 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 83 badala ya 101. Geji huonyesha ziada juu ya hewa ya nje, kwa hiyo hesabu ni hii: 1,200 ongeza 101 ni 1,301, zidisha kwa 83 na ugawanye kwa 101, unapata 1,069, toa 83, inabaki 986. Fundi wa Mbeya anayesoma 986 anayo injini nzima mbele yake, na kitabu kinamwambia kwamba ni mbovu. Afadhali zilinganishwe silinda kwa silinda, plagi zote zikiwa zimetolewa, injini ikiwa na joto na kilango cha hewa kikiwa wazi kabisa. Tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini ikizidi asilimia 15 hivi, hapo pana sababu ya kuwa na shaka.

Tuseme vipimo vyote vimefanyika na vyote vimetuelekeza kwenye ringi. Sasa tufungue, lakini tufungue tukijua tunachokitafuta. Ringi ya pili mara nyingi imechongwa mshazari na ina alama ya nukta inayopaswa kutazama juu. Ikigeuzwa, badala ya kukwangua oili kuirudisha chini, huikwangua kuipandisha motoni. Ringi ya oili ya vipande vitatu ina springi ya kati ambayo ncha zake zapaswa kugusana. Zikipandana, ringi hupoteza nguvu zake, na hakuna geji itakayokuambia. Nafasi ya beringi za krenki ikizidi, oili hurushwa ukutani kwa wingi mno kuliko ringi ziwezavyo kuikwangua. Wanafunzi wa kidato cha sita wataikumbuka kanuni: mtiririko wa kimiminika katika upenyo mwembamba hufuata upana wa upenyo kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo nafasi ikiwa maradufu, oili hupita mara nane. Kuhusu imani kwamba moshi huletwa na mianya ya ringi kupangika mstari mmoja, mimi siitilii maanani. Ni desturi nzuri kuitenganisha mianya hiyo wakati wa kusuka, lakini ringi huzunguka polepole ndani ya mifereji yake injini ikifanya kazi, na baada ya saa chache hakuna ajuaye mianya iko wapi.

Mazoea mawili ya gereji zetu yanastahili kulaumiwa waziwazi. La kwanza ni kuosha silinda kwa petroli au mafuta ya taa baada ya kusuguliwa kwa msasa. Petroli huondoa oili na kuiacha chembe ya msasa imejibana katika mikwaruzo, nayo huendelea kusaga ringi mpya tangu dakika ya kwanza. Maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ndivyo vinavyotakiwa, mpaka kitambaa cheupe kilichopitishwa ukutani kitoke cheupe, kisha oili ipakwe mara moja kuzuia kutu. La pili ni kuiacha injini mpya iungurume polepole kutwa nzima "ili ijizoeze". Ringi haibanwi ukutani kwa unyumbufu wake peke yake. Sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwa gesi ya mwako inayoingia nyuma yake. Injini isiyo na mzigo haina gesi ya kutosha. Ringi huteleza juu ya oili, oili huungua taratibu, na ukuta hujipaka ngozi laini kama kioo ambayo ringi haitaweza tena kukaa juu yake. Injini ikishahakikiwa kwamba haivuji na maji yake hayachemki, itolewe barabarani ifanye kazi: iongezewe mwendo katika gia ya juu kutoka kilometa 50 hadi 80 kwa saa, iachiwe ishuke, na kurudiwa mara nyingi, bila kulazimishwa. Moshi wake usihukumiwe kabla ya kilometa elfu moja au mbili.

Kama ningeulizwa tufanye nini, ningeanza na karatasi. Karakana inayochonga silinda inazo namba zote mkononi: kipenyo cha kila silinda juu, katikati na chini, nafasi ya pistoni, mwanya wa kila ringi, nafasi ya kila shina la vali. Namba hizo husemwa kwa mdomo na kusahaulika kabla ya jua kutua. Ziandikwe, na mwenye gari apewe nakala. Fundi mwema hatapoteza chochote, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea siku injini itakapofuka kwa kosa la mtu mwingine. Atakayesema kwamba wateja hawawezi kuzisoma namba hizo anayo haki kwa leo. Lakini mtoto wa mteja yuko kidato cha tatu, na hapo ndipo walimu wanapoingia.

Kuna pengo la lugha pia. Fundi anavijua vitu hivi kwa Kiswahili cha gereji na kwa ncha za vidole vyake; mwanafunzi anazijua kanuni zake kwa Kiingereza cha kitabu cha mtihani, na hajapata kuishika pistoni. Mwalimu angeweza kumwalika fundi darasani kwa kipindi kimoja, na kumwachia meza.

Wala vifaa si vya gharama kubwa. Bloku kuukuu hupatikana kwa wauza vyuma chakavu. Itie ringi moja ndani ya silinda, isukume kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa, na upime mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji. Fanya hivyo karibu na juu, palipochakaa zaidi, kisha chini kabisa, pasipofikiwa na ringi. Kwa kuwa mzingo ni kipenyo mara 3.14, kila badiliko la kipenyo huonekana katika mwanya likiwa limekuzwa mara 3.14. Mwanya ukiwa milimita 0.65 juu na 0.35 chini, tofauti ni 0.30, gawanya kwa 3.14, na darasa litakuwa limepima uchakavu wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita bila kuwa na maikromita.